Tusipime Programu kwa Yadi

Katika darasa la kompyuta wengi wetu twapenda programu ndefu. Mwenye kurasa tatu humcheka mwenye nusu ukurasa, kana kwamba programu ni kitambaa cha kupimwa kwa yadi. Mimi nayapinga mawazo hayo.

Hebu tufikiri duka la kanga katika Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Ndani ya kompyuta ya duka, kila aina ya kanga ni kitu chenye sifa zake: jina, rangi, bei ya doti, na idadi iliyobaki ghalani. Mzigo mpya ukiingia, sifa hizo hubadilika. Wengi wetu huandika agizo la kubadili jina, kisha la rangi, kisha la bei, kisha la idadi. Maneno ni yale yale, ila jina la sifa tu. Sifa zikiwa ishirini, maagizo ni ishirini. Ukisahau moja, kompyuta hailalamiki: bei ya zamani itabaki, na mwenye duka atauza kwa hasara asijue. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye kosa nalo hupoteza mali vile vile.

Njia njema ni agizo moja la kurudia: kwa kila sifa iliyoletwa, weka thamani mpya mahali pa ile ya zamani. Sifa zikiongezeka kesho, agizo halibadiliki.

Kodi nayo yatufundisha kuandika jambo moja mahali pamoja. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza mwaka 1998 kwa asilimia 20. Mwaka 2009 ikashushwa kuwa 18. Programu iliyotaja 20 mahali hamsini ilihitaji kusahihishwa mara hamsini. Iliyotaja mara moja, mara moja tu.

Wapo wasemao kwamba agizo la jumla ni la hatari, kwani laweza kugusa hata yasiyopasa kuguswa. Hayo ni kweli. Mwezi wa Machi 2012 mtandao wa GitHub, ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, uliingiliwa kwa mlango huo huo. Lakini dawa si kurudia maneno. Dawa ni kuandika kwanza orodha ya sifa zinazoruhusiwa kubadilishwa. Isiyomo isiguswe.

Basi nawaomba walimu wetu, wakati wa kusahihisha, waongeze sifa moja na kutazama ni mistari mingapi yapasa kuandikwa upya. Aliye na michache ndiye astahiliye alama.