Maua ya nyumbani: uzuri peke yake hautoshi



Mwezi wa Mei na mwezi wa Oktoba, nyumba zetu nyingi hupambwa kwa maua. Jumuiya ndogo ndogo zinapokutana kusali Rozari, mwenye nyumba hupanga maua mbele ya sanamu ya Mama Bikira Maria, na watoto hutumwa uani kuyachuma. Hili ni jambo jema, nasi hatutaki lipungue. Lakini ukurasa huu ni wa afya, na maoni yetu ni haya: anayepanda maua nyumbani amfikirie kwanza mtoto anayetambaa na mgonjwa aliyelala ndani, ndipo afikirie uzuri.

Kwamba maua na miti humsaidia mtu, hatuna shaka. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, na nusu yalitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu chache zaidi. Jicho likipumzika, moyo nao hupumzika. Mama anayeuguza, au mzee asiyeweza tena kwenda shambani, hupata faraja akiwa na ua la kumwagilia kila asubuhi.

Lakini tusiyape maua sifa zisizo zao. Wapo wanaosema kwamba ua la chunguni husafisha hewa ya nyumba. Majaribio yaliyoanzisha maneno hayo yalifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Katika nyumba ya kawaida, dirisha lililofunguliwa hufanya kazi kubwa zaidi. Kama jiko lako la kuni linajaza moshi, ua halitakusaidia. Fungua dirisha, na ukiweza jenga jiko lenye bomba la kutolea moshi. Wapo pia wanaoogopa kwamba maua chumbani usiku humaliza hewa. Hofu hiyo haina msingi, kwa maana mtu unayelala naye chumba kimoja hutumia hewa nyingi kuliko chungu cha maua.

Sasa tuje kwenye madhara. Mmea unaoitwa oleanda, wenye majani marefu membamba na maua mekundu hafifu au meupe, hupandwa mara nyingi kwenye ua wa nyumba, wa shule na hata wa kanisa. Ndugu yake mwenye maua ya manjano huzaa matunda yenye kokwa ngumu ambazo watoto hupenda kuchezea. Mimea yote miwili ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na inaweza kuua. Katika sehemu za milimani kuna ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta, jeupe au la manjano. Hilo nalo ni sumu. Anayelila huchanganyikiwa akili. Lile jani pana la kijani lenye madoa meupe, linalopamba sebule nyingi, likitafunwa huchoma na kuvimbisha ulimi na koo. Na utomvu mweupe wa minyaa ukiingia jichoni huweza kulijeruhi vibaya.

Hatusemi kila mmea wa namna hii ung'olewe nchi nzima. Tunasema usiwepo mahali watoto wanapocheza. Tungependa halmashauri za parokia na kamati za shule za chekechea zitembee siku moja katika viwanja vyao na kutazama kilichopandwa humo. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, ni jembe tu.

Hatari ya pili ni maji. Mbu anayeeneza homa ya dengue, mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana na hutaga katika maji kidogo yaliyotuama: kwenye vasi, kwenye sahani iliyo chini ya chungu, kwenye kopo la maua makaburini. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mwezi wa Mei mvua za masika bado zipo katika mikoa mingi, na ndio mwezi ambao vasi zetu zimejaa. Basi badilisha maji kila baada ya siku tatu, na usugue vasi kwa ndani, kwa sababu mayai ya mbu hunata ukutani. Makaburini tumia mchanga wenye unyevu badala ya maji.

La tatu linatuhuzunisha zaidi. Kuna ua dogo la petali tano, la zambarau hafifu au jeupe, linaloota hata penye mchanga mkavu. Kutokana na mmea huo, tangu miaka ya 1960 hutengenezwa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini. Vinkristini hutumika kutibu watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hospitali hupima dawa hiyo kwa uangalifu mkubwa, maana ikizidi huharibu mishipa ya fahamu. Anayechemsha majani yake nyumbani kutibu kisukari, huku akiacha vidonge vya kliniki, anajiweka katika hatari mbili kwa pamoja.

Basi tupande nini? Panda waridi, asumini, hibiskasi na alizeti. Panda mrehani na kivumbasi karibu na mlango. Harufu yake hupunguza mbu kwa kiasi, ila usiache chandarua. Na usisahau kwamba dawa inayotiwa kwenye vyandarua ilibuniwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, linalolimwa na wakulima wetu wa Iringa na Mbeya. Kwa uzio, masale ya Wachagga yanafaa kuliko oleanda, tena yana heshima ya kutumiwa kuomba msamaha na kupatanisha waliogombana.

Mtoto akila mmea usioujua, mtoe mabaki mdomoni, msukutue kwa maji, usimtapishe, mpeleke hospitali upesi ukiwa na kipande cha mmea huo. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali. Usikamulie maziwa ya mama jichoni.

Bwana wetu aliwaelekeza wanafunzi wake wayatazame maua ya shambani ili wajifunze kumtumaini Baba. Sisi nasi tuyatazame, lakini tuyatazame vizuri. Ua tunalomtolea Mama Maria lisiwe limechumwa kwenye mti unaoweza kumwua mwanetu.