Hariri ina faida, ila nani atanunua vifukofuko?

Kila mara wakulima wa kahawa au miwa wanapolalamikia malipo duni, hakukosi mtaalamu wa kuwaeleza kwamba utajiri umo katika nondo wa hariri. Si uongo mtupu. Mforosadi, ambao wengi huuita mulberi, hustawi katika maeneo mengi ya nchi, na kiwavi hahitaji ekari nyingi. Katika muda wa takriban mwezi mmoja tangu kuanguliwa, hujisokotea kifukofuko cha uzi mmoja unaoweza kufika mita 900 au zaidi.

Hata hivyo, katika siku zake za mwisho kiwavi hula usiku na mchana, na zaidi ya robo tatu ya majani yote ya maisha yake huyamaliza wakati huo. Aliyepanda miti michache hujikuta akibisha milango ya majirani kuomba majani. Dawa ya wadudu ikipeperushwa kutoka shamba la pili, huenda akapoteza viwavi wote. Sisimizi nao hawana huruma.

Kikwazo kikubwa zaidi huja baada ya mavuno. Kifukofuko lazima kipitishwe kwenye joto kabla ya nondo kukitoboa na kuharibu uzi, kisha mashine ihitajike kuukunjua. Takriban kilo 10 za vifukofuko vibichi hutoa kilo moja tu ya uzi. Mahindi yakikosa mnunuzi hutiwa chunguni, kifukofuko hakiliwi.

Kenya haijapungukiwa na ujuzi. KALRO ina kituo cha utafiti wa hariri mjini Thika, nayo icipe imefanya kazi na wanavijiji wa Mwingi na Kakamega kuhusu nondo wa mwituni. Lakini India, ya pili kwa uzalishaji nyuma ya China, haikuishia kwenye utafiti. Iliunda bodi yake ya hariri mwaka 1948, na mjini Ramanagara, jimbo la Karnataka, wakulima huuza vifukofuko kwa mnada katika soko la serikali.

Waliofuga kware mwaka 2013 na 2014 wanajua kilichowapata: waliovuna mapema ni wale waliouza mayai na vifaranga kwa wenzao, na wateja wa kawaida wakawa haba. Kaunti inayotaka kugawa miche ya mforosadi yafaa kwanza iwaonyeshe wakulima mahali mashine itakapowekwa, pamoja na mkataba wa mnunuzi wenye bei iliyoandikwa.