Shule ya Biashara ya Kimataifa? Anza na Omena Kwanza

Wasee, kuna neno moja limegeuka mtego hapa Kisumu, na hilo neno ni "International". Tembea Oginga Odinga Street mchana wowote, inua macho juu ya maduka ya simu na ya dawa, utaona vibao vya vyuo ghorofa ya pili na ya tatu. Chuo cha biashara cha hivi, taasisi ya usimamizi ya vile, na lazima hilo neno liwe limebanwa mahali fulani katikati. Chumba ni kimoja, viti vya plastiki thelathini, projekta inazima stima ikipotea, lakini kibao kinasema kimataifa. Kimataifa na nani? Lecha ametoka Mamboleo, mwanafunzi ametoka Manyatta.

Sina shida na Mamboleo wala Manyatta. Shida yangu ni kwamba tumeuziwa safari kwa kuanzia mwisho. Tumeambiwa shule ya biashara inaanza kuwa ya kimataifa, halafu siku moja ikipata nafasi itaangalia mambo ya mtaani. Ukisoma historia ya hizo shule zenyewe, hizo kubwa tunazoziota usiku, utapata ni kinyume kabisa.

Skia. Paris, mwaka 1819, ilifunguliwa shule ambayo leo inaitwa ESCP. Wengi huihesabu kama shule ya biashara ya zamani kuliko zote duniani. Walioianzisha walikuwa watu wa biashara wa palepale Paris, na mwanauchumi Jean-Baptiste Say alikuwa nao. Hizo kampasi za London, Berlin na Madrid unazoziona kwenye picha zao zilikuja zaidi ya karne moja na nusu baadaye. Karne moja na nusu! Sisi tunaweka "International" kabla hata rangi ya mlango haijakauka.

Nenda Philadelphia, 1881. Joseph Wharton alikuwa tajiri wa madini na chuma. Aliona vijana wanajifunza biashara kwa kukaa ofisini wakinakili barua na hesabu, akaona haitoshi, akatoa dola 100,000 kwa chuo kikuu cha mji wake. Hakusema nataka shule ya dunia. Alitaka vijana wa pale waweze kuendesha viwanda vya pale.

Halafu Harvard. Shule yao ya biashara ilianza 1908, na hii ndiyo napenda zaidi. Wale waliwaita wenye kampuni waje darasani na shida zao halisi, wanafunzi wazijadili. Baadaye wakaanza kuziandika hizo shida kama kesi, na ndiyo njia ambayo shule za biashara dunia nzima zimeiga. Unajua kesi yao ya kwanza kuandikwa, mwaka 1921, ilihusu nini? Kampuni ya viatu. Viatu, manze. Kwa sababu sehemu zile za Massachusetts viwanda vya viatu vilikuwa kila kona. Hawakuona aibu kuketi kwenye chuo cha heshima wakiongea kuhusu soli na ngozi.

Sasa niambie ni darasa gani la biashara hapa Dala umewahi kuketi, lecha akaingia na ndoo ya omena.

Najua mtasema, "Huyu ana chuki na shule za Nairobi." Hapana. Chukua Strathmore. Ilianza 1961 kama chuo cha kidato cha tano na sita, ikichukua wanafunzi wa rangi zote wakati shule za Kenya bado zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Miaka michache baadaye ikaingia kwenye uhasibu. Kwa nini uhasibu? Kwa sababu nchi ilikuwa imepata uhuru na wahasibu Waafrika walikuwa wa kutafutwa na tochi. Hitaji lilikuwa pale nje ya geti, wakalijibu. Shule yao ya biashara ilikuja 2005, ikisaidiwa na IESE ya Barcelona. IESE nayo ilianza 1958 na ikashikwa mkono na Harvard kuunda MBA yake ya 1964. Kwa hivyo ni mnyororo: Boston, Barcelona, Nairobi. Na kila mahali uliposhika ardhi vizuri, ni kwa sababu kulikuwa na watu wanaojua mji wao unahitaji nini. USIU nayo ilikuja Nairobi 1969 kama tawi la chuo cha San Diego, leo inajiita USIU-Africa. Hata tawi hujifunza kuota mizizi.

Mnyororo ukifika hapa ziwani ndio unakatika. Tunachukua jina tu, tunaacha kazi.

Na kinachoniuma ni kwamba huu mji umezaliwa na biashara. Hata jina lenyewe: wazee husema Kisumu imetoka kwa "kisuma", kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali wakati wa njaa. Yaani kabla reli haijafika hapa 1901, kabla wakoloni hawajapaita Port Florence, hapa palikuwa mahali pa kuja na kitu chako na kuondoka na cha mwenzako. Soko lilitangulia mji.

Tena tulishakuwa na kitu kama shule ya biashara, ila hakikuitwa hivyo. Yule Jaramogi Oginga Odinga ambaye barabara ya vibao imepewa jina lake alikuwa mwalimu, amesoma Maseno, akafundisha Maseno. Aliacha chaki akaingia biashara. Mwaka 1947 kampuni yake, Luo Thrift and Trading Corporation, ikasajiliwa. Watu wa kawaida, wengine wakiwa wafanyakazi mbali huko Uganda na Tanganyika, waliombwa wanunue hisa. Hebu fikiria ugumu wa hiyo kazi. Unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona hisa kwamba atoe pesa leo, asiione, aamini karatasi. Na hayo yote wakati sheria za kikoloni zilibana mkopo kwa mfanyabiashara Mwafrika, na maduka makubwa ya mji hayakuwa ya Waafrika. Ile kampuni ilijenga, ikafanya biashara, ikaingia hata kwenye uchapishaji. Haikuwa ya mabilioni na ilipata misukosuko yake, ameisimulia mwenyewe kwenye kitabu chake Not Yet Uhuru cha 1967. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo kesi ya kwanza ambayo mwanafunzi yeyote wa biashara Kisumu angepewa wiki ya kwanza. Kwa nini ilisimama? Wapi iliyumba? Ungefanya nini na mtaji ule? Badala yake kijana anapita chini ya jina la mzee kila asubuhi akienda kukariri historia ya kampuni ya soda.

Nina binamu yangu amemaliza digrii ya biashara, sitataja chuo. Karo ilitoka kwa mkopo wa serikali na ng'ombe wawili. Alirudi akawa anamsaidia waya wetu pale Kibuye anapouza omena. Wiki ya kwanza alimpa waya mhadhara mrefu kuhusu zile P nne za masoko. Waya akamsikiliza vizuri, akamwambia, "Nyathina, sasa niambie huyu wa Bondo nimpe debe tatu kwa deni au nisimpe?" Kimya. Waya ana daftari moja limejaa mafuta ya samaki, ndani kuna majina ya utani ya wateja, nani hulipa Ijumaa, nani hulipa mwisho wa mwezi, nani mume wake akirudi kutoka ziwani hana kitu basi usimsumbue. Hiyo ni idara nzima ya mikopo ndani ya daftari la shilingi hamsini. Binamu si mjinga, jamani. Alisomeshwa vitu vya kweli, tu havikuwa vyetu.

Na vyetu ni vigumu kuliko vya soda, usidanganyike. Chukua omena peke yake. Inavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa zuri. Inaanikwa kwenye nyavu ufuoni, mvua moja ikipiga umelala na hasara. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai uvuvi wake unafungwa, miezi minne, samaki wazaane. Mfanyabiashara wa omena anaishije hiyo miezi? Anaweka akiba lini? Anaweka wapi mzigo usiingie wadudu? Halafu kuna mnunuzi wa kiwanda cha chakula cha kuku anayebeba kwa magunia. Kuku anashindana na mtoto wako kwa sahani moja. Nani ameketi akaandika hizo hesabu vizuri, tukazisoma?

Chukua jaboya. Tumezoea kuliongelea kama dhambi au kama habari ya ukimwi, na ni kweli limeua watu wetu. Lakini pia ni swali la mtaji. Mwanaume ana mashua, mwanamke hana, samaki ni wachache, basi mwenye mashua anaweka bei anayotaka, na bei yenyewe si pesa tu. Wanawake wa Nduru kule Nyakach walilielewa hilo bila MBA. Kuanzia 2011 walipata mashua zao wenyewe, wakaajiri wanaume wawavulie. Mamlaka yakahama kwa sababu mali ilihama. Halafu mashua zikachakaa, mafuriko ya 2020 yakaja yakawahamisha watu. Bima ilikuwa wapi? Akiba ya ukarabati? Hapo kuna masomo ya mwaka mzima, na mimi nimeyapata kwenye habari za redio za ng'ambo, si kwenye darasa la hapa.

Chukua samaki wa Uchina. Amefugwa upande mwingine wa dunia, akagandishwa, akavuka bahari, akashuka Mombasa, akapanda lori kuja Kisumu, mji ulio ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado anauzwa bei ya chini kuliko ngege wa hapa. Wanasiasa wanapiga kelele kila mara hii habari ikitokea, halafu wanaenda kula. Sitaki kelele. Nataka mtu anionyeshe gharama ya chakula cha samaki kwenye vizimba, gharama ya barafu, stima, barabara ya kutoka ufuoni. Nataka tujue shilingi inapotea wapi. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wetu waliamka samaki wakielea, wamekufa kwa wingi. Watu walipoteza mtaji wa maisha. Ile haikuwa habari ya siku mbili, ilikuwa kesi.

Basi kuna wale watasema, "Nikisoma omena, nani ataniajiri Nairobi?" Nawaelewa, kodi ya nyumba hailipwi kwa uzalendo. Lakini mwanafunzi wa Harvard wa 1921 hakuenda kuwa fundi viatu. Alijifunza kufikiri kwa kutumia kitu anachoweza kwenda kukiona, kukigusa, kumuuliza mwenyewe. Ukijua kwa nini mteja mmoja wa Kibuye anakopeshwa na mwingine anakataliwa, benki ya Nairobi itakuhitaji, kwa sababu hilo ndilo swali lake la kila siku. M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya 2007, na leo inafundishwa kwenye shule za biashara za ng'ambo. Kitu chetu kinaandikwa na wao, halafu tunalipa karo tufundishwe.

Mnaijua hii tabia. Mbuta anavuliwa hapa, kiwandani anatolewa nyama yote, nyama inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunabaki na mgongo wazi, ule mfupa wenye kichwa unaokaangwa Obunga. Ni mtamu, silalamiki kuhusu utamu. Lakini msee akikuuzia mgongo wazi kwa bei ya minofu, utamwangalia mara mbili.

Maseno, nawaongelea nyinyi kwanza kwa sababu mko karibu na mna uwezo. Mmekuwa chuo kikuu kamili tangu 2001, mna shule ya biashara na uchumi, na mnamiliki hoteli katikati ya mji, Kisumu Hotel. Vyuo vingapi Kenya vina hiyo bahati? Andikeni kesi kumi kwa mwaka, za ziwa, za miwa ya Miwani na Muhoroni, za bodaboda wa Kondele, za mafundi wa Kamas pale Jua Kali. Wekeni bure kwenye mtandao. Kaunti ilijenga mahema na barabara kwa sababu ya wageni wa Africities mwaka 2022, haiwezi kukosa pesa ya watafiti vijana kumi.

Na wewe unayetafuta nafasi ya Septemba, kabla mzazi hajauza kitu, hakikisha kwanza chuo kimesajiliwa. Ikiwa ni digrii, angalia orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ikiwa ni diploma au cheti, angalia TVETA. Ni bure na inachukua dakika tano. Halafu panda hizo ngazi, salimia vizuri yule dada wa mapokezi, hana makosa, na umwombe kitu kimoja tu: akuonyeshe kesi moja, hata kurasa mbili, iliyoandikwa na mwalimu wao kuhusu biashara iliyo ndani ya Kisumu. Akikupa kijitabu cha picha za wazungu wamevaa suti, chukua, sema asante, shuka ngazi, na uende chuo kinachofuata na swali lilelile.