Tumaini la Mja Lasimama Juu ya Nini?

Kijana mmoja alinijia nyumbani baada ya Sala ya Isha, uso umemsawijika. Alikuwa ndani ya basi, akasimamiwa na mhubiri aliyemuuliza: "Ukifa usiku huu, una yakini ya kuingia Peponi?" Kijana akajibu: "Mungu ndiye ajuaye." Mhubiri akacheka. "Basi wewe huna tumaini. Sisi tunalo, kwani Yesu amefufuka, na kwa neema deni letu limekwisha kulipwa." Kijana hakuwa na la kusema. Akaja kuniuliza: "Ami, ni kweli sisi hatuna tumaini?"

Ndugu msomaji, swali hili linawafikia vijana wengi, na si haki kulijibu kwa matusi. Qur'ani Tukufu (Sura ya 29, Aya ya 46) imetuamrisha tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Basi kwanza tuieleze hoja yao kama wanavyoieleza wenyewe.

Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 15, anasema wazi kuwa ikiwa Masihi hakufufuka, basi mahubiri ni bure, imani ni bure, na watu wangali katika dhambi zao. Na katika waraka kwa Warumi, mlango wa 3, anafundisha kuwa mtu huhesabiwa haki kwa neema, bila ya malipo yake mwenyewe, kwa sababu ya fidia ya damu ya Masihi. Hizi ndizo nguzo mbili za tumaini lao: kufufuka, na neema iliyopitia katika damu. Paulo hakuficha kitu. Ametundika kila kitu juu ya msumari mmoja.

Hebu tuutazame msumari huo. Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi wa Biblia huiona kuwa ndiyo ya kwanza kuandikwa katika zile nne, katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, yaani Sinaiticus na Vaticanus, inakomea mlango wa 16, aya ya 8. Wanawake wanaambiwa kaburini kuwa amefufuka, nao wanakimbia kwa khofu, wala hawamwambii mtu. Habari za kuonekana kwake baada ya hapo, aya ya 9 mpaka ya 20, hazimo. Wenzetu watatujibu kuwa waraka wa Paulo ni wa kale zaidi kuliko Marko, nao unawataja waliomwona. Ni kweli. Lakini Paulo hakuwa miongoni mwa wanafunzi waliofuatana na Nabii Isa (a.s.), na mwenyewe anasema kuwa habari hizo alizipokea, kisha akazifikisha.

Sisi itikadi yetu inajulikana (Sura ya 4, Aya ya 157): hawakumuua wala hawakumsulubu. Lakini mtu asiyekubali Kitabu chetu hatutamlazimisha hoja hiyo. Tuiendee nguzo ya pili, tena kwa Kitabu chake mwenyewe.

Katika Injili ya Luka, mlango wa 15, Nabii Isa anapiga mfano wa mwana aliyepoteza mali ya baba yake, akarudi na matambara. Baba alipomwona kwa mbali alimkimbilia, akamkumbatia, akamsamehe. Je, nani aliuawa ili mwana huyo asamehewe? Hakuna. Ndama aliyechinjwa alikuwa wa karamu, hakuwa wa fidia. Na katika Mathayo, mlango wa 18, mfalme alimwachilia mtumwa wake deni kubwa kwa kumhurumia tu. Hakumdai mtu mwingine alilipe.

Kila mwenye duka anayajua mambo haya. Mteja akishindwa kulipa, njia ni mbili: ama deni lilipwe, ama lisamehewe. Likilipwa na mtu mwingine, mwenye duka hakusamehe kitu, amepokea haki yake kamili. Wakisema kuwa Mungu Mwenyewe ndiye aliyelipa ili kutimiza haki, tutauliza: alimlipa nani? Mwenye duka akitoa fedha mfuko wa kulia akatia mfuko wa kushoto, deni halikulipwa. Angalipiga mstari tu katika daftari, na huo ndio msamaha. Na Nabii Ezekieli, katika mlango wa 18 wa kitabu chake, anafundisha kuwa mwana habebi uovu wa baba, wala baba habebi uovu wa mwana, na mwovu akitubia ataishi.

Tena hatari ya mafundisho hayo wameiona wao wenyewe. Mchungaji wa Kijerumani, Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwezi wa Aprili 1945, aliandika kitabu mwaka 1937 akiwaonya wenzake juu ya neema ya bei rahisi, yaani msamaha usiokuwa na toba. Tunaiheshimu kauli yake.

Ama sisi, si kweli kuwa tunategemea mizani ya amali peke yake. Mtume wetu (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amefundisha kuwa hakuna atakayeingia Peponi kwa amali zake, hata yeye, ila Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema Yake. Na amesimulia habari za mtu aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100, akatoka kwenda kutubia, akafa njiani, na malaika wa rehema wakamchukua. Damu ya nani ilimlipia?

Na kufufuka kwetu hakukutundikwa juu ya kaburi la mtu mmoja. Sura Yasin, Aya ya 78 na 79, inamjibu anayeuliza nani ataihuisha mifupa iliyooza: ni Yule Yule aliyeiumba mara ya kwanza.

Basi kijana aliposema "Mungu ndiye ajuaye" hakukata tamaa. Alishika adabu. Mgeni hajui kapikiwa nini, lakini akimjua mwenye nyumba kuwa ni karimu, huingia moyo umetulia.

Lakini kwa nini alinyamaza? Hapa lawama ni yetu. Tumemfundisha Sala kwa bakora na Moto kwa vitisho, na rehema tukaipita mbio. Kila siku, katika rakaa 17 za faradhi, anamtaja Mola wake kwa majina ya Mwingi wa Rehema na Mwenye Kurehemu, wala hatujakaa naye siku moja kumweleza maana yake. Mtoto asiyeisikia rehema ya Mungu nyumbani kwao ataisikia ndani ya basi, kwa mdomo wa mwengine.

Wazazi, leo baada ya Magharibi wafunulieni watoto Sura ya 39, Aya ya 53, muwafasirie kwa lugha ya mama zao. Waambieni kuwa mlango wa toba u wazi, na hauna bawabu wala kiingilio.

Wabillahi tawfiq.