Usubi wa Piopiotahi na Adabu ya Mgeni

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa wito wa kufanya kazi. Hata hivyo, imebeba fikra nyingine isiyotajwa sana: kwamba ugeni una kipimo, na kwamba mwenye haki ya kukiweka kipimo hicho ni mwenyeji. Fikra hiyo haikuzaliwa Afrika Mashariki pekee. Inapatikana pia katika visasili vya Wamaori wa Nyuzilandi, na hasa katika kisasili kimoja kinachohusu mahali ambapo leo watalii humiminika kwa maelfu. Makala haya yanashikilia kuwa kisasili hicho ni sheria ya ugeni, na kwamba hasara iliyopatikana mahali hapo imetokana na wageni kutoisikiliza.

Mahali penyewe ni Hifadhi ya Taifa ya Fiordland, iliyo katika pembe ya kusini magharibi ya Kisiwa cha Kusini. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1952. Ina zaidi ya hekta milioni 1.2, na ndiyo kubwa kuliko zote nchini humo. Mwaka 1990, pamoja na hifadhi jirani, iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia kwa jina la Te Wahipounamu. Sifa yake kuu ni fiodi, yaani mahori marefu ya bahari yaliyojipenyeza kati ya milima mirefu. Katika zama za barafu, mito mizito ya barafu iliteremka polepole ikiuchimba mwamba. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikaingia na kuyajaza mabonde. Leo masalia ya barafu hiyo yamebaki juu, vileleni.

Chini ya vilele hivyo umetanda msitu wa mvua. Katika hori la Piopiotahi, liitwalo pia Milford Sound, hunyesha zaidi ya mita sita za mvua kwa mwaka. Miti yake haina udongo wa kutosha. Imeushika mwamba kwa mizizi iliyosukana na kuvumwani, hata mmoja ukiteleza huvuta wenzake, na ubavu mzima wa mlima ukabaki uchi. Maji ya mvua, yaliyopata rangi ya chai kutokana na majani ya msituni, huelea juu ya maji ya chumvi na kuuzuia mwanga. Kwa sababu hiyo matumbawe meusi, ambayo kwa kawaida huishi kilindini, huota karibu na uso wa maji.

Wamaori hueleza kuwa mahori hayo yalichongwa na Tū-te-raki-whānoa kwa tezo yake. Alianzia kusini, ambako kazi yake ilikuwa bado na kasoro, akaendelea kaskazini huku mkono ukizidi kuwa mwepesi, mpaka akafika Piopiotahi, hori lililopendeza kuliko yote. Ndipo akaja Hine-nui-te-pō, mungu wa kike wa mauti, kuitazama kazi hiyo. Alipoona uzuri wake alihofu kuwa wanadamu wangetamani kukaa hapo milele. Basi akaachilia usubi, ili yeyote atakayefika aone, astaajabu, kisha aende zake. Mahali alipouachilia pangali na jina linalokumbusha tukio hilo.

Wapo watakaokichukulia kisasili hiki kuwa jaribio la watu wa kale la kueleza kwa nini wadudu wanauma. Mtazamo huo unakidunisha. Tuzingatie ni nani aliyeuleta usubi. Si pepo mbaya wala adui wa wanadamu wasiojua lolote, bali ni mauti yenyewe, ambayo kazi yake ni kumkumbusha binadamu kuwa hapa duniani anapita tu. Tuzingatie pia kwamba hakufunga njia. Hakusema mtu asije. Alisema mtu asikae. Historia nayo inaafiki, kwani Wamaori waliingia Piopiotahi kutafuta takiwai, jiwe la kijani linalong'aa, wakalichukua na kurejea makwao. Walikuwa wageni waliojua kuaga.

Waliofuata hawakuwa na adabu hiyo. Wazungu walioingia katika mahori hayo baada ya safari za James Cook za karne ya 18 walikuja kuwinda sili, wakaacha majina ya kwao na panya wa merini mwao. Walowezi wakaleta sungura. Sungura walipowashinda, wakaleta vicheche kutoka Ulaya ili wawale. Vicheche hao waliwageukia ndege wasioweza kuruka. Mwaka 1894 Richard Henry aliwekwa kuwa mlinzi wa Kisiwa cha Resolution, akahamishia huko mamia ya ndege aina ya kākāpō na kiwi ili kuwaokoa. Mwaka 1900 ikabainika kuwa vicheche wameogelea hadi kisiwani, na jitihada zake zote zikaenda na maji.

Aliyepata hasara kubwa zaidi ni piopio. Husimuliwa kuwa alikuwa mwandani wa shujaa Māui, na kwamba Māui alipouawa akijaribu kumshinda Hine-nui-te-pō, ndege huyo aliruka hadi katika hori hilo kuomboleza. Piopiotahi maana yake ni piopio mmoja. Leo hata huyo mmoja hayupo. Ametoweka duniani, limebaki jina. Jina hilo nalo lilikuwa limefunikwa na la Kizungu, hadi sheria ya mwaka 1998 ya suluhu kati ya serikali na Wamaori wa Ngāi Tahu iliporudisha majina ya asili ya mahali pengi, yakiandikwa sambamba na ya Kiingereza. Mgeni anayelitamka bila kujua maana yake anapita juu ya kaburi asilolijua.

Je, ugeni wa leo umekuwa na adabu zaidi? Handaki la Homer, lililofunguliwa mwaka 1954, liliruhusu magari kufika hadi majini. Mwaka 2019 wageni zaidi ya 800,000 walizuru Piopiotahi. Wengi hutoka Queenstown, karibu kilomita 290 kwa barabara, na kurudi siku hiyo hiyo. Saa zao ndani ya basi ni nyingi kuliko saa zao majini. Mnamo Februari 2020 mvua kubwa iliikata barabara hiyo na mamia ya watu wakakwama. Ni kana kwamba mwenyeji aliyechoka kusema kwa usubi aliamua kusema kwa mafuriko.

Dawa ni kurudi kwenye kipimo, na mfano upo ndani ya hifadhi yenyewe. Katika njia ya miguu iitwayo Milford Track, msimu wa matembezi unapowadia, wanaotembea bila kiongozi huruhusiwa kuanza 40 tu kwa siku. Wote hufuata mwelekeo mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kulala usiku wa pili katika kibanda kile kile. Siku ya nne humalizia safari penye usubi, pale pale alipouachilia Hine-nui-te-pō. Hiyo ndiyo sheria ya kisasili iliyoandikwa upya kwa lugha ya kanuni, na barabara inastahili kuwekewa kama hiyo.

Litazuka pingamizi kwamba kipimo humpendelea tajiri na kumnyima riziki mwenyeji. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, inapinga kipimo cha bei, wala si kipimo cha idadi. Foleni inayomhesabu tajiri na maskini kuwa mtu mmoja mmoja haimdhulumu yeyote. Kuhusu riziki, mwenyeji anayekula mbegu yake hana mavuno ya mwaka ujao.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi nchini Kenya, kisa hiki si cha ugenini. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika Turathi za Dunia mwaka 2008, ilihifadhiwa na miiko na masimulizi kabla ya kuwapo mlinzi mwenye sare. Tukizoea kuorodhesha visasili kwa ajili ya mtihani tu, tunafanya kama yule mtalii: tunapiga picha na kuondoka bila kujua mwenyeji alisema nini. Usubi ni mdogo, lakini ujumbe wake ni mkubwa: karibu, tazama, kisha uage.