Penseli Mbili Pangani

Wasomaji wangu mnaokwenda Ushongo wikiendi huwa mnaniletea lalamiko moja tu. Pazuri, Dada, bahari safi, samaki watamu, kisiwani Maziwe tumefika. Lakini siku ya pili jioni kila mtu na simu yake. Maneno yameisha! Haya, mwezi huu nawapa dawa, na wala si ya bei: penseli mbili laini, daftari lisilo na mistari, na asubuhi moja Pangani mjini.

Pangani iko kiasi cha kilomita 15 tu kutoka Ushongo, ng'ambo ya mto. Wengi mnaipita mkiwahi ufukweni. Huu ni mji wenye mambo yake, bwana. Ndipo Abushiri bin Salim alipowakabili Wajerumani mwaka 1888, na ndipo walipomnyonga Desemba 1889. Upande wa kusini wa mto, Kikogwe, mkonge ulipandwa mwaka 1893, miche 62 iliyonusurika safari kutoka Florida. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa Tanga, biashara ikaifuata, Pangani ikabaki na majumba yake. Mimi nasema ni bahati. Reli ingepita hapa, leo tungekuwa tunachora vioo na vigae.

Kwa nini kuchora, wakati simu ina kamera? Kwa sababu picha ya simu inachukua sekunde moja, na macho nayo yanaondoka sekunde hiyohiyo. Penseli inakukalisha saa nzima mbele ya ukuta mmoja. Kule Zanzibar, msanii John da Silva alizichora nyumba za Mji Mkongwe kwa miaka mingi, hata akawa mtu wa kuulizwa historia yake. Na mnakumbuka Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilivyoporomoka mchana kweupe. Nyumba hizi hazitoi taarifa kabla ya kuanguka, jamani.

Sisi tulikwenda na mgogoro wetu mkobani. Mume wangu ana nyumba ya urithi pale mjini, ya babu yake. Warithi 11. Wengine wanataka itengenezwe, wengine ibomolewe, kiwanja kiuzwe, kila mtu achukue chake. Mwenzangu alikuwa upande wa kubomoa, na tulishanuniana kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja.

Tukakaa kwenye baraza ya jirani, baada ya kubisha hodi na kuomba ruhusa, tukaagiza kahawa na kashata. Mimi nikachagua mlango. Nani asingechagua mlango? Nakshi za maua kwenye fremu, na katikati ule mti wa kusimama unaoitwa mfaa, unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Mafundi wa pwani ubao mmoja huuita mlango dume na mwingine mlango jike. Nikamwambia mwenzangu, unaona, mfaa ukilegea nyumba nzima iko wazi. Akanijibu nichore.

Yeye ni mhasibu. Hakuchora nakshi, alihesabu. Baada ya nusu saa akamuuliza shangazi yake, aliyekuja kutuangalia vituko vyetu, kwa nini vyumba vyote vya ndani ni vyembamba na upana wake unalingana. "Boriti, mwanangu," shangazi akasema. "Mti wa mkoko haukupi urefu unaotaka wewe." Basi ndiyo siri yenyewe: boriti inatoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo chumba kinapata upana wa mita mbili na nusu, tatu hivi. Urefu wa chumba ongeza upendavyo, upana umeshaamuliwa na mkoko.

Kisha akahamia kwenye ukuta. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua: unyevu unaingia, unatoka. Miaka ya karibuni kuna mtu alipiga plasta ya saruji upande mmoja, kwa nia njema kabisa. Saruji inaziba. Unyevu umebaki ndani, chumvi imefura, plasta inadondoka vipande vipande. Palipobaki chokaa ya zamani, pakavu. Na juu kwenye kona, mabati mawili hayapo, mvua inashukia katikati ya ukuta.

Mchoro wake ni mbaya, Mungu anisamehe. Nyumba imeinama kama jahazi lililokwama fungu. Lakini ukiutazama unajua maji yanaingilia wapi na fundi aanzie wapi. Wangu ni wa kutundika sebuleni.

Na alipokuwa akichora, macho kwenye karatasi, ndipo aliposema. Miaka sita ya ndoa sijawahi kusikia kwamba likizo za utotoni alikuwa akilala chumba kile cha chini, wala kwamba hofu yake ni ndugu kushikana mashati akishaondoka shangazi, ambaye ndiye anayewaunganisha. Afadhali wagawane pesa wakiwa bado wanasalimiana. Hoja hiyo siwezi kuinunia.

Mkienda, fikeni saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Nyumba moja tu, msitangetange. Watu msiwachore bila idhini yao. Lile Boma, ambalo wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake, msilifanye la kwanza. Linataka kifua. Na michoro msioneshane mpaka mmalize, maana mwenye mkono mzuri atamkatisha tamaa mwenzake.

Kikao cha warithi ni mwezi ujao. Mchoro wa mhasibu ameuchukua shangazi. Anasema atauweka mezani kabla chai haijamiminwa.