Matuta Si Magoli, Wacheni Kutudanganya

Wacha niseme hii waziwazi na mkasirike mkitaka: Kenya haikufungwa 4-3 na Madagaska. Tarehe 22 Agosti 2025 pale Kasarani, robo fainali ya CHAN, dakika 120 ziliisha 1-1. Sare. Kisha Madagaska wakashinda matuta 4-3 wakapita. Hayo ni mambo mawili, na kila anayepost "Kenya 3-4 Madagaska" anayatia chungu kimoja.

Najua mtaniambia, "Si tulitoka lakini? Tofauti iko wapi?" Kupita ni kitu kimoja, kushinda mechi ni kingine. Sheria za mpira zenyewe zinasema matuta yanapigwa mechi ikiwa imekwisha. Straika akifunga tuta, halihesabiwi kwenye magoli yake. Hata FIFA wakipiga hesabu ya kupanga timu za taifa, ushindi ni 1 na sare ni 0.5. Aliyeshinda kwa matuta anapewa 0.75, aliyeshindwa anapewa 0.5, yani kama aliyetoka sare. Kwenye magongo pia, ile FIH Pro League, mechi ikiisha sare kila timu inachukua pointi 1, halafu anayeshinda matuta anaongezwa moja. Wamejua kutenganisha. Sisi inatushinda nini?

Na msiniletee ile ya "huyu ana uchungu wa kutolewa". Desemba 2017 kule Machakos, fainali ya CECAFA, sisi na Zanzibar tulimaliza 2-2, tukabeba kombe kwa matuta 3-2. Kombe ni letu, halali kabisa. Lakini Zanzibar hawakufungwa mechi ile, na ndugu zetu wa visiwani wana haki ya kutukumbusha.

Wanaobeti wanaelewa hii kuliko maadmin wa kurasa za mpira. Mkeka wa dakika 90 mechi ikiisha sare unalipa sare, matuta yapigwe yasipigwe. Pesa ikiingia, hakuna anayesahau tofauti.

Kwa nini nawasumbua? Kwa sababu hii tabia imeshuka hadi mechi zetu za mtaani. Timu ya madogo inakaza mpaka kipenga cha mwisho bila kupoteza, halafu poster inatoka "WACHAPWA 5-4". Lawama yote inamwangukia dogo mmoja aliyepaisha tuta. Anageuzwa meme, anazomewa kuanzia Majengo hadi Marikiti, wiki ijayo hataki tena kuvaa njumu. Na wale wengine kumi waliokosa goli la ushindi mchezo mzima? Hao wako sawa, wanacheka naye. Ukiandika sare, mzigo unabebwa na timu nzima, kama inavyotakiwa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo msiniite profesa. Lakini hii haihitaji digrii: "Kenya 1-1 Madagaska baada ya dakika za nyongeza. Madagaska wapita kwa matuta 4-3." Basi. Kama kapsheni imejaa, punguza emoji.

Na ukinitagi tena kwa poster ya "5-4", nitakuuliza swali moja tu: hayo magoli 9 yalifungwa dakika ya ngapi?